Kuhamisha nyaraka za ofisi kutoka WhatsApp na flashi hadi mfumo mmoja: mwongozo kamili

Ofisi nyingi za Nairobi zimeshanunua programu ya kuhifadhi nyaraka na kufanyia kazi pamoja. Wiki ya kwanza kila mtu anaingia. Baada ya miezi miwili LPO (hati za kuagizia bidhaa) zimerudi WhatsApp, mkataba uko kwenye flashi ya mhasibu, na mkurugenzi anauliza kwenye grupu, "Nani ako na ile final?" Watu watatu wanamtumia faili tatu zisizofanana. Leseni inaendelea kulipiwa.

Lawama huangukia programu, au intaneti, au wazee wa ofisi wanaodaiwa kuogopa kompyuta. Mara nyingi tatizo liko kwingine. Njia ya zamani iliachwa wazi, ikabaki rahisi kuliko mpya, hasa kwa wakubwa. Hatua zote hapa chini zinakupeleka kwenye siku moja: siku ya kuifunga njia ya zamani bila kazi kusimama. Ukiruka hatua za mwanzo, utaifunga na watu wataifungua tena kabla ya Ijumaa.

Mwongozo huu unafaa ofisi ya watu 5 hadi 60 hivi, iwe kampuni, Sacco, shirika lisilo la kiserikali au shule.

## Andaa hivi kabla ya kugusa programu yoyote

Msimamizi wa nyaraka. Asiwe fundi wa kompyuta. Awe mtu anayezijua karatasi zenyewe: nani huzianzisha, nani hutia sahihi, zikipotea hutafutwa wapi. Katika ofisi nyingi mtu huyo ni mama wa masjala, ambaye hakuna aliyemuuliza neno wakati programu ilipokuwa inanunuliwa. Mpe kazi hii kwa barua, na barua itiwe sahihi na mkurugenzi.

Anwani ya intaneti ya ofisi, inayoishia .co.ke au .or.ke, iliyosajiliwa kwa jina la ofisi kupitia wakala anayetambuliwa na KENIC, msimamizi wa anwani za .ke. Hakikisha haikusajiliwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti.

Njia mbili za intaneti. Faiba pamoja na rauta ndogo ya laini ya simu. Ongeza UPS ya kuishikilia rauta stima ikipotea.

Mashine ya kuskani inayovuta karatasi yenyewe. Zilizotumika hupatikana madukani katikati ya jiji. Nenda na karatasi zako hamsini, zikiwemo risiti nyembamba na zilizokunjwa, uijaribu hapohapo kabla ya kulipa.

Diski mbili za nje za nakala rudufu.

Bajeti ya mwaka mzima. Huduma nyingi za aina hii bei yake hufuata dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, kisha mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Aliyepanga bajeti kwa bei ya siku moja aliumia. Acha nafasi ya kupanda, na uhesabu VAT ya asilimia 16.

## Hatua ya 1: Ifuate karatasi moja tangu mwanzo hadi mwisho

Usianze na nyaraka zote za ofisi. Chagua mkondo mmoja unaowaumiza wengi. Kwa wauzaji na wakandarasi, mkondo huo ni ununuzi: LPO, delivari (hati ya mzigo ulioletwa), ankara, malipo. Kwa shirika la misaada huenda ni ripoti za mradi na risiti za safari.

Kisha inuka kitini uifuate karatasi. Chukulia ghala la vifaa vya ujenzi Industrial Area. Lori linaingia saa nne na mifuko ya saruji. Mtunza stoo anahesabu, anaiweka delivari juu ya mfuko, anaipiga picha kwa simu yake huku kidole kikifunika namba ya hati, na kuituma kwenye grupu. Karatasi yenyewe anaitia mfukoni. Jioni inafika ofisini Westlands kwa bodaboda, au haifiki. Mhasibu anasubiri namba ile iliyofunikwa na kidole.

Andika kila kituo: nani ameigusa, kwa chombo gani, na imekaa hapo muda gani. Waulize watu wenyewe, na usiwalaumu. Mtunza stoo anatumia WhatsApp kwa sababu ndiyo pekee inayofunguka ghalani kwa bando la shilingi hamsini.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mkondo mzima kwenye ukurasa mmoja na kila aliyemo akakubali kwamba ndivyo kazi inavyokwenda kweli.

## Hatua ya 2: Chagua programu moja, uijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote

Kwa ofisi nyingi uamuzi ni kati ya Google Workspace na Microsoft 365. Ofisi inayoishi kwenye Word na Excel, yenye majedwali mazito ya hesabu, itaona Microsoft 365 nyepesi kuizoea. Ofisi ambayo wengi wake hutumia simu na tayari wana Gmail haitahangaika sana na Google. Mashirika ya hisani yaliyosajiliwa yana mipango maalumu ya bure au ya bei nafuu kwa kampuni zote mbili, kwa hiyo omba kabla ya kulipa.

Nextcloud ni programu huria unayoweza kuweka kwenye seva yako mwenyewe. Ichague tu ikiwa una mtu wa kuitunza seva hiyo mwaka mzima, pamoja na usiku stima inapokatika. Programu huwa ya bure, lakini matunzo yake si ya bure.

Usinunue mbili. Ofisi yenye nyaraka nusu huku na nusu kule imerudi palepale.

Jaribio lenyewe lifanyike nje ya chumba cha mikutano. Chukua simu ya bei ya chini kabisa inayotumiwa na mfanyakazi wako, zima waifai, nenda nayo ghalani. Piga picha hati, ipakie, kisha mtu wa ofisini aifungue. Ikichukua zaidi ya dakika moja, watu wataacha. Jaribu tena kwa picha ndogo zaidi, au kwa kipengele cha kuskani kilicho ndani ya programu, kabla ya kukata tamaa nayo.

## Hatua ya 3: Akaunti ziwe za ofisi, si za watu

Hapa ndipo ofisi hupoteza mali yake bila kujua. Mfanyakazi anafungua folda kwenye Gmail yake binafsi, yenye nafasi ya bure ya GB 15, na kuwaalika wenzake. Kazi inaenda vizuri mwaka mzima. Siku akiondoka, kwa heri au kwa shari, nyaraka zinabaki kuwa zake, na ofisi inabaki kumbembeleza.

Mpe kila mtu akaunti inayoishia na anwani ya ofisi. Nyaraka za kazi zikae kwenye hifadhi ya pamoja: ukitumia Google ni zile folda za timu zinazomilikiwa na shirika, ukitumia Microsoft ni SharePoint. Faili iliyo kwenye hifadhi ya binafsi ya mtumiaji, hata ndani ya akaunti ya ofisi, inafungamana na akaunti hiyo. Ukiifuta akaunti ya Google Workspace una siku 20 za kuirudisha. Ya Microsoft 365 una siku 30. Baada ya hapo usitegemee kupata chochote. Kwa hiyo mtu akiacha kazi, zuia akaunti yake, hamisha faili zake, ndipo uifute.

Wawepo wasimamizi wakuu wawili wa mfumo, kamwe asiwe mmoja. Namba za dharura za kuingilia zichapishwe, zitiwe kwenye bahasha, zifungiwe kwenye sefu.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu. Tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu wizi wa laini kwa kuzisajili upya unatokea sana hapa kwetu, na anayeiba laini hupokea pia namba zinazotumwa kwayo.

## Hatua ya 4: Folda chache, majina ya aina moja

Folda za juu zisizidi saba. Zifuate kazi, si idara wala majina ya watu, maana idara hubadilishwa na watu huhama. Kwa mkondo wetu wa ununuzi zinatosha nne: Za kuidhinisha, Zimeidhinishwa, Zimepokelewa, Zimelipwa. Mtu akiona faili iko wapi, anajua imefika wapi, na hana haja ya kumpigia mtu simu.

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, kisha siku: 2025-03-14_LPO-045_saruji. Tarehe ikianza hivyo, faili hujipanga zenyewe. Ikianza na siku, Machi na Septemba huchanganyika.

Onyo moja linalowakwamisha wengi. Ofisi zetu zimezoea namba za kumbukumbu zenye mkwaju, kama LPO/045/2025. Windows na SharePoint hazikubali mkwaju ndani ya jina la faili, wala nukta pacha, wala alama ya kuuliza. Tumia kistari. Barua yenyewe inaweza kubaki na mkwaju wake.

Neno "final" lipigwe marufuku kwenye majina. Programu zote nilizotaja huweka historia ya matoleo: faili hubaki moja, na ukitaka ya juzi unairudia ndani ya historia hiyo. Wafundishe watu hili kwa vitendo. Fungua hati mbele yao, futa aya nzima, kisha irudishe. Hofu nyingi ya kuharibu kazi ya mwenzio huisha hapo.

## Hatua ya 5: Ruhusa, na taarifa za watu

Anza kwa kufunga, kisha fungua inapohitajika. Ruhusa zitolewe kwa makundi kama stoo, hesabu na uongozi, si kwa mtu mmojammoja, la sivyo baada ya mwaka hakuna atakayejua nani anaona nini. Zima linki zinazofunguliwa na yeyote aliyenazo.

Nakala za vitambulisho, PIN za KRA, hati za mishahara na ripoti za hospitali ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, ofisi inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Angalia pia kama unapaswa kujisajili kwake: msamaha umewekewa walio na mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, yote mawili kwa pamoja, na zipo sekta ambazo hazisamehewi hata zikiwa ndogo. Seva za kampuni kubwa ziko nje ya nchi, na sheria hiyo ina masharti juu ya kupeleka taarifa nje, kwa hiyo soma mkataba wa huduma ukiwa na wakili.

Watu wengine husita kuingia kwenye mfumo kwa kuwa unaonyesha nani alifungua nini na saa ngapi. Hofu hiyo ni ya haki. Waambie waziwazi kumbukumbu hizo zitatazamwa na nani na kwa sababu gani, na jambo hilo liandikwe na kuheshimiwa na uongozi. Bosi akizitumia mara moja tu kumsuta mtu kwa kuchelewa, kazi halisi itahamia tena kwenye simu za watu.

## Hatua ya 6: Hamisha zinazotumika, acha takataka

Hamisha nyaraka za mkondo uliouchagua, za mwaka huu na uliopita. Zilizobaki zikae kwenye diski zikiwa na maandishi "za kusoma tu". Ukihamisha kila kitu, utahamisha pia nakala kumi za hati moja, na mtu akitafuta atapata zote kumi.

Karatasi ziskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi, ziwe PDF, na kipengele cha kutambua maandishi kiwashwe ili neno lililo ndani ya hati litafutike. Kagua moja katika kila ishirini kwa macho.

Usichome wala kuuza karatasi upesi. Sheria ya Taratibu za Kodi inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira miaka 5 baada ya mtu kuondoka. Hati miliki za ardhi, hati za dhamana na mikataba yenye sahihi za wino zibaki kabatini hata zikishaskaniwa.

## Hatua ya 7: Fundisha mezani kwa mtu

Semina ya siku nzima hotelini husahaulika kabla ya Jumatatu. Keti na kila mtu nusu saa, kwenye kifaa chake, kwa hati yake ya siku hiyo. Mwache ashike yeye kipanya au simu. Rudi baada ya siku mbili.

Fundisha kwa lugha anayofanyia kazi. Mtunza stoo anataka kujua mahali pa kubonyeza ili lori liondoke.

## Hatua ya 8: Funga njia ya zamani

Chagua tarehe, itangaze mapema. Iwe kati ya tarehe 10 na 15 za mwezi: PAYE, kodi ya mishahara, imeshalipwa kufikia tarehe 9, ritani ya VAT ya tarehe 20 haijawabana watu wa hesabu, na mishahara iko mbali. Mifumo mingi imekufa kwa kuzinduliwa tarehe 28.

WhatsApp haiondoki, wala usijaribu kuiondoa. Igawie kazi yake. "Gari limekwama Mombasa Road" ni ya WhatsApp. Hati si ya WhatsApp. Kanuni ni moja na fupi: kwenye grupu tunatuma linki, hatutumi faili. Kwa siku za mwanzo msimamizi wa nyaraka ajibu kila faili inayotumwa kwa maneno yaleyale, kwa upole, bila kuchoka: "Asante. Tafadhali iweke kwenye folda ya Zimepokelewa, kisha utume linki."

Upole peke yake hautatosha. Kufuli halisi liko kwa mhasibu. Tangu tarehe ile, kisichopitia folda ya Zimeidhinishwa hakilipwi, hata kama mkurugenzi amesema "lipa" kwenye simu. Mhasibu hawezi kulisimamia hili peke yake, kwa hiyo mkurugenzi alitamke mbele ya wote na aliandike.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa kuliko yote. Mkubwa yuko njiani kwenda uwanja wa ndege, ana haraka, anaidhinisha kwa kidole gumba kwenye WhatsApp. Mara moja hivyo, na ofisi nzima imejifunza kwamba mfumo mpya ni wa wadogo. Mrahisishie: weka kwenye skrini ya kwanza ya simu yake alama inayofungua folda ya Za kuidhinisha moja kwa moja. Mjaribishe mara kadhaa ukiwa kando yake. Na mkubaliane mapema kwamba akiidhinisha WhatsApp, atajibiwa: "Samahani bosi, iko kwenye folda, linki hii hapa." Anayejibu hivyo asiadhibiwe.

Je, wauzaji wa nje? Huwezi kuwalazimisha. Wape anwani moja ya barua pepe ya ankara, na yeyote atakayetumiwa hati kwenye simu yake aipakie siku hiyohiyo.

Weka pia njia ya dharura, vinginevyo watu watajitungia yao. Intaneti zote mbili zikikatika, tumia fomu ya karatasi iliyotiwa namba, iwekwe kwenye trei moja inayojulikana, na ipakiwe mtandao ukirudi. Sahihi za kielektroniki zinatambuliwa katika mikataba tangu marekebisho ya sheria za biashara ya 2020, lakini mteja au benki inayodai wino na muhuri mpe wino na muhuri, kisha uskani.

Utajua umefaulu wiki mbili zikipita bila malipo hata moja kufanywa kwa hati ya WhatsApp.

## Hatua ya 9: Nakala rudufu

Kuweka vitu kwenye wingu, yaani seva za mtandaoni, si sawa na kuwa na nakala rudufu. Mtu akifuta folda, kwenye Google Drive hukaa kwenye pipa siku 30. Kwenye SharePoint siku 93. Ukigundua baadaye, umechelewa.

Pakua nyaraka zote kwenye diski kila mwezi. Diski moja ikae ofisini, nyingine nje ya jengo, zibadilishane. Kila robo mwaka chagua faili tatu bila kupanga na uzifungue kutoka kwenye diski. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

## Hatua ya 10: Kagua mwezi wa tatu, kisha chukua mkondo wa pili

Fanya jaribio siku ambayo msimamizi wa nyaraka yuko likizo. Mwombe mtu wa kawaida atafute delivari ya mwezi uliopita. Akiipata ndani ya dakika mbili bila kumuuliza yeyote, mkondo huo umekamilika. Akianza kupiga simu, angalia kwanza majina ya faili, kisha folda, kabla ya kumlaumu.

Pitia pia orodha ya akaunti: walioondoka, vibarua wa msimu, mkaguzi wa nje aliyepewa ruhusa ya wiki moja. Leseni zisizotumika zikate, maana zinalipiwa kwa dola.

Ukiridhika, rudi hatua ya 1 na karatasi nyingine. Mikataba ya wateja inafaa kufuata, kisha ripoti. Mafaili ya wafanyakazi yawe ya mwisho, wakati ruhusa zimeshazoeleka na kila mtu anajua folda ipi inaonwa na nani.